Ndezi na Chakula Chenye Majina Matano

— Ngano!

— Ije!

— Ya kusaga au ya kusikiliza?

— Ya kusikiliza!

— Na ya kusaga iko wapi?

— Tumekwisha kula!

— Bila mimi?

— Ulichelewa!

Haya, walafi nyie, kaeni. Wewe sogea huko, usinikalie kanga. Atakayesinzia namwacha hapo hapo katikati ya ngano, na akiamka mwisho ajitafutie mwenyewe.

Zamani, si zamani ya babu yangu, zamani hasa, kabla jembe halijapata mpini, wanyama waliishi katika bonde moja la mto. Maneno walikuwa nayo, lakini machache. Walikuwa na maji, walikuwa na jua, walikuwa na njoo na toka. Na kwa kila kinachoingia mdomoni walikuwa na neno moja tu, chakula. Tunda ni chakula. Mzizi ni chakula. Punje ni chakula. Kikionekana kinaliwa, kikiliwa kimekwisha, kikiisha wanahama. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Angewazia kwa neno lipi?

Bonde lilikuwa na mkubwa wake, Mwinyi Kiboko. Tumbo hili hapa, mdomo huu hapa, akipiga miayo ndege wanadhani pango limefunguka. Siku hizo alikuwa anakaa nchi kavu, kutwa nzima, chini ya kivuli chake mwenyewe, maana kilikuwa kikubwa cha kumtosha. Na alikuwa na mjumbe wake, Korongo, miguu mirefu, shingo ndefu, na umbea mrefu kuliko vyote viwili. Kila asubuhi Korongo alipita akipiga mbiu:

"Kwaa! Kwaa! Chakula chote ni cha Mwinyi! Mwinyi akishiba, mtakula!"

Na Mwinyi hakuwahi kushiba.

Sasa nisikilizeni hapa. Kiboko alikuwa na meno, alikuwa na nguvu, alikuwa na mjumbe. Kitu kimoja kilimshinda, nacho ni kusema "sijui". Ukimuuliza jambo asilolijua alifumba macho, akavuta pumzi, halafu akasema, "Aaa! Hilo? Nani asiyelijua hilo?" Wakubwa wa namna hiyo mnawajua, msinifanye niwataje.

Na kwenye matete ya ukingoni aliishi Ndezi. Ndezi mnamjua? Wa mjini hawamjui. Ni mnyama mnene wa matete, kama panya aliyelelewa vizuri, mkia mfupi, meno ya mbele kama patasi. Huyu aliitwa Bi Sikudhani. Mumewe alimezwa na chatu, akaachwa na watoto wanne, na kwa vile aliwazaa mwaka mbaya, aliwapa majina ya mwaka wenyewe. Tabu. Shida. Mashaka. Na wa mwisho, aliyezaliwa mama yake amekwisha kuzoea, Siajabu.

Msicheke. Majina ndiyo hayo hayo, hata kwenu yapo.

Basi kikaingia kiangazi. Kiangazi cha kweli, mto umebaki mkanda, matete yamekauka yanalia shwaa, shwaa. Wanyama wenye miguu wakahama, hao, wakavuka milima. Bi Sikudhani hakuweza. Watoto walikuwa wadogo, milima mirefu, na njia nzima mwewe juu. Akabaki. Alibaki pia Kobe, ambaye mwendo wake mnaujua, na Nungunungu, aliyekuwa anamuuguza mama yake. Na Kiboko, bila shaka, alibaki na amri yake.

Shimoni mwake, chini ya majani, Bi Sikudhani alikuwa ameficha kibaba kimoja cha punje za jani fulani la kinamasini. Hicho tu. Hicho kikiisha, watoto wake wanne wanakufa mmoja mmoja, naye alilijua hilo kama anavyojua njia ya shimoni kwake.

Lakini alikuwa ameona kitu. Mwaka wa nyuma punje kidogo zilimwagika mlangoni, kwenye tope. Mafuriko yalipopita, pale pale yakaota majani, na majani yakazaa punje, na punje zilikuwa nyingi kuliko zile zilizomwagika. Alikuwa ameliona kwa macho yake, lakini kila alipotaka kulishika lilimponyoka. Wazo lilizunguka kichwani mwake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Chakula ambacho huli? Chakula unachokitupa topeni makusudi? Kwa maneno aliyokuwa nayo, huo ulikuwa wazimu.

Akajaribu kuwaambia watoto.

"Wanangu, hiki chakula msikile."

"Ni chakula?" akauliza Tabu.

"Ni chakula."

"Basi tunakila," akasema Shida.

Na kweli. Alitoka kwenda kuchimba mizizi ya yungiyungi, aliporudi kibaba kimekuwa nusu kibaba, na watoto wanajilamba pua. Bi Sikudhani akakaa chini. Hakuwapiga. Alilia. Alilia kwa sababu walikuwa na haki. Chakula kinaliwa, sasa wao kosa lao nini?

Akalia, akafuta machozi, akapenga kamasi, akaitazama ile nusu. Na hapo, sijui lilitoka wapi, neno likamtoka mdomoni.

"Hii si chakula," akasema. "Hii ni mbegu."

Watoto wakaacha kujilamba.

"Mbegu ni nini?" akauliza Mashaka.

"Mbegu hailiwi. Mbegu inalala. Ukiilaza topeni inaamka."

"Ukiila?"

"Ukiila umeua chakula kabla hakijazaliwa."

Watoto wakazitazama zile punje kwa macho mengine. Dakika moja nyuma walikuwa wanazimezea mate, na sasa Siajabu, mdogo wa wote, alisogea akanong'ona, "Tusipige kelele, mama, zimelala." Hawakugusa tena hata moja. Na si watoto peke yao. Kesho yake njaa ilimbana Bi Sikudhani mwenyewe mpaka mkono ukaenda wenyewe kwenye zile punje, ukafika, ukataka kuchukua. Moyoni akasema, mbegu. Mkono ukarudi. Akautazama mkono wake kama wa jirani. Punje ni zile zile, njaa ni ile ile, kilichobadilika ni neno.

"Kumbe!" akasema.

Akazichukua zote, akashuka ukingoni, pale maji yalipojivuta yakaacha tope laini. Akatoboa kwa pua, tu, akatia punje tatu, akafukia. Akatoboa, tu, akatia tatu, akafukia. Hajafika nusu, kivuli chembamba kikamsimamia.

"Kwaa! Bi Sikudhani! Nini hicho?"

Akageuka. Alikuwa ni Korongo.

"Ni mbegu, mjumbe."

"Mbegu ni chakula?"

"He! Mimi nani wa kukwambia? Muulize Mwinyi. Yeye anaijua."

Korongo akaondoka na miguu yake, tang'a, tang'a, tang'a, mpaka kwa Kiboko. "Mwinyi, Ndezi ana mbegu. Mbegu ni chakula?"

Kiboko akafumba macho. Akavuta pumzi.

"Mbegu? Aaa! Nani asiyeijua mbegu?" Akafikiri kidogo. "Anaifanyaje?"

"Anaizika topeni."

"Basi unaniuliza nini? Umeona wapi mtu anazika chakula? Mbegu si chakula. Niondokee hapa."

Korongo akarudi, tang'a, tang'a, akapiga mbiu: "Kwaa! Mbegu si chakula! Mwinyi amesema!" Na Bi Sikudhani akamalizia shamba lake mchana kweupe. Ile nusu kibaba ilipita mbele ya mdomo mkubwa kuliko yote bondeni, ikaingia ardhini salama.

Siku zikaenda. Mizizi ya yungiyungi wakaila mpaka wakaichukia. Watoto wakakonda, masikio yakawa makubwa kuliko vichwa. Halafu asubuhi moja tope likawa na rangi. Kijani. Kila penye punje tatu pana vidole vitatu vya kijani.

Sasa hapa pana kazi, kwa sababu Kiboko anakula majani. Majani ndiyo wali wake. Msinikatize, najua neno wali halijafika, limenitoka. Majani ndiyo chakula chake, ameyamaliza bonde zima, na pale ukingoni pameota majani mapya, mororo, yanameta. Safari hii hakumtuma mtu. Akaja mwenyewe, du, du, du, ardhi inatetemeka, Korongo nyuma yake.

"Majani!" akasema Kiboko, akafungua mdomo.

Bi Sikudhani akaruka akasimama mbele ya mdomo ule. Mdogo kama ngumi. Akajikaza kisabuni.

"Karibu, Mwinyi. Umekuja kuwaona watoto?"

Mdomo ukabaki wazi. "Watoto gani?"

"Hii miche. Mche ni mtoto wa mbegu, Mwinyi, wewe unajua kuliko mimi. Wako wachanga, hata shingo haijakaza. Waliokuona unakuja na mdomo wazi walisema Mwinyi anakuja kula watoto. Nikawaambia, jamani mnakosa adabu, Mwinyi wetu si mla watoto."

Kiboko akatazama huku, akatazama huku. Kobe alikuwa anatazama. Nungunungu alikuwa anatazama. Hata mama yake Nungunungu, mgonjwa, alikuwa ametoa kichwa.

"Miche," akasema Kiboko, akafunga mdomo taratibu. "Aaa! Nani asiyeijua miche? Nilikuja kuwapa pole."

"Tumepoa, Mwinyi."

Na Korongo akapiga mbiu, mche si chakula, Mwinyi amesema.

Siku zikaenda. Miche ikarefuka, ikatoa masuke, masuke yakainama kwa uzito. Ndege wakaja, watoto wanne wakawa wanaamia kutwa, "Hooo! Swaaa!" mpaka sauti zikakauka. Bi Sikudhani alipita kati ya mimea akiigusa. Hii haikuwa mbegu tena, haikuwa mche tena, na hatari ilikuwa imekaribia kuliko wakati wowote, kwa sababu sasa hata kipofu angeona kuwa zile ni punje. Basi akaipa jina la tatu kabla haijaulizwa. Akaiita mpunga.

Kiboko akaja, du, du, du.

"Ndezi! Leo usinitilie maneno. Ninaona punje. Punje ni chakula!"

"Punje gani, Mwinyi? Huu ni mpunga."

"Mpunga au si mpunga, naula!"

Na akauma fungu zima, ngwafu! Akatafuna. Na mpunga, kama mmewahi kuutia mdomoni na maganda yake, mnajua. Una ncha. Una vumbi linalowasha. Kiboko akakohoa, kho! kho! kho! machozi yakamtoka, makapi yakamwingia puani, akapiga chafya ikampeperusha Korongo mpaka upande wa pili wa mto.

Bi Sikudhani alikuwa ameshika kifua, anahesabu masuke yaliyokwenda. Akasema kwa upole, "Pole, Mwinyi. Ulikuwa unaupima?"

"Naam," akasema Kiboko, sauti inakwaruza. "Nilikuwa naupima. Mpunga si chakula. Nilikuwa najua." Akakohoa tena. "Lakini Ndezi, mbona safari hii ni ndefu? Mbegu si chakula, mche si chakula, mpunga si chakula. Hiki kitu lini kitakuwa chakula?"

Jamani, swali zuri hilo. Bi Sikudhani akaona hapa ndipo pa kupita au pa kufia.

"Mwinyi unanijaribu," akasema. "Unajua fika kwamba kikiwa chakula kinaitwa wali."

"Wali," akasema Kiboko. "Aaa! Nani asiyeujua wali!"

"Sasa kwa nini Mwinyi usumbuke kuja hapa kila mara unakohoa? Sema moja, mjumbe apige mbiu, yaishe."

Kiboko akalipenda hilo, maana koo linamuuma na anataka kulala. Akasema, na Korongo, ambaye alikuwa amerudi na manyoya yamevurugika, akapiga mbiu:

"Kwaa! Kwaa! Wali wote ni wa Mwinyi! Vingine havimhusu!"

Bi Sikudhani akaitikia kuliko wote. "Wali wote ni wa Mwinyi!" Akawavuta watoto wakaitikia nao.

Mpunga ukakauka. Wakavuna kwa meno, wakapura kwa miguu, na kabla hajaonja hata punje moja Bi Sikudhani alitenga kibaba cha mbegu akakificha. Uliobaki wakautwanga. Tu! Tu! Tu! Korongo mbio.

"Kwaa! Ndiyo wali huo?"

"Huu? Huu ni mchele, mjumbe. Mpelekee Mwinyi aone."

Kiboko akatia mchele mkavu mdomoni, karu, karu, karu, jino likapiga kelele. "Si wali," akasema haraka. "Mchele naujua."

Siku hiyo Bi Sikudhani akapika. Moto aliutoa wapi, chungu alikitoa wapi, na baadaye mtaniuliza mafuta aliyatoa wapi. Nani anasimulia hapa, mimi au nyie? Akachukua mchele konzi moja, akaupika katika kichungu, ukanukia mpaka mama yake Nungunungu akaomba maji. Akaupakua wote, akampelekea Kiboko kwa mikono miwili.

"Mwinyi, wali wako. Wote uliopo duniani ni huu."

Na alisema kweli. Kiboko akala, ngwafu, mara moja umekwisha, lakini ladha ikamkaa. Siku ya pili konzi moja. Siku ya tatu konzi moja. Kila siku wali wote ni wake, na kila siku wali wote ni konzi moja.

Na watoto? Kiboko akiwa anakula, kutoka shimoni ikasikika kwaru, kwaru, kwaru.

"Wanakwangua nini?" akauliza.

"Ukoko, Mwinyi."

"Aaa! Ukoko," akasema Kiboko.

Siku nyingine, fururu, fururu. "Wanakunywa nini?" Uji, Mwinyi. Siku nyingine, chwaaa! ikatoka harufu ya mafuta, Kiboko mate yakamdondoka mpaka kwenye magoti. "Na hicho?" Vitumbua, Mwinyi. "Vitumbua ni wali?" Bi Sikudhani akamtazama kwa mshangao, akasema, "Mwinyi, wali unakuwa mviringo namna hii? Utanifanya nidhani huvijui vitumbua."

"Navijua!" akafoka Kiboko. "Nimezaliwa navijua!"

Mashavu ya watoto yakarudi. Masikio yakaanza kulingana na vichwa. Kobe akapewa konzi ya mbegu, akajifunza neno, akapanda. Nungunungu akapewa, akajifunza neno, akapanda. Bi Sikudhani naye akapanda sehemu ya ile yake, mpunga ukasimama tena.

Lakini hata mjinga ana mwisho wake. Siku moja Kiboko alimwona Mashaka anapita, kitumbua mkononi, tumbo mviringo, anaimba. Akamtazama. Akajitazama mwenyewe, mbavu zimeanza kuhesabika. Na kichwani mwake, polepole, kama gogo linavyovutwa, likapita wazo. Huyu mama kila nikitaka kitu anakipa jina. Basi majina ndiyo adui yangu. Akasimama, akanguruma mpaka maji ya mto yakarudi nyuma.

"Korongo! Futa amri zote! Piga mbiu mpya. Kila chenye jina bondeni ni cha Mwinyi! Kila chenye jina!"

"Kwaa! Kila chenye jina ni cha Mwinyi!"

Du, du, du, mpaka kwa Bi Sikudhani. Mpunga uliosimama, una jina, ni wa Mwinyi. Mchele kapuni, una jina. Ile mbegu iliyofichwa, Korongo akaitoa kwa mdomo wake mrefu. "Na hii ina jina, Mwinyi." Wakaweka rundo. Bi Sikudhani aliitazama mbegu yake juu ya rundo. Kwa mara ya kwanza hakuwa na neno.

Halafu Korongo, mmbea yule, akageuza shingo akawatazama watoto wanne waliojipanga ukutani.

"Mwinyi," akasema, "na hawa wana majina."

"Niwachukue," akasema Kiboko. "Wataniamia ndege."

Bi Sikudhani aliona giza. Alitaka kuruka akamng'ate, na angemng'ata, na angekanyagwa akaisha. Badala yake akamtazama Tabu, akamtazama Shida, akamtazama Mashaka. Akawatazama tena. Na akameza mate, akainama adabu yote.

"Amri ni amri, Mwinyi. Sina la kusema. Ila nakuomba jambo dogo. Mimi ni mama yao, wasiondoke kimyakimya kama wameibwa. Mjumbe apige mbiu, mmoja mmoja kwa jina lake, ijulikane wamekwenda kwa nani."

"Haya!" akasema Kiboko. Mbiu aliipenda.

Korongo akapanda juu ya kichuguu, akanyoosha shingo, akapiga kwa sauti yake yote, ikapita bonde, ikagonga milima, ikarudi:

"Kwaa! Tabu ni ya Mwinyi! Kwaa! Shida zote ni za Mwinyi! Mashaka yote ni ya Mwinyi!"

Shida alikuwa mmoja, lakini Korongo alizoea kusema zote, hiyo ndiyo mbiu aliyofundishwa.

Kwa Siajabu hakufika. Mara matete yakasikika, chakacha, chakacha. Wa kwanza kufika alikuwa Nungunungu, amembeba mama yake mgongoni. Kambebaje kati ya miba ile sijui.

"Hodi, Mwinyi. Tumesikia shida zote ni zako. Mungu akubariki. Yangu ni hii, hailali, inakohoa, ina deni la usingizi wa miezi mitatu. Nikuwekee wapi?"

"Sikusema..." akaanza Kiboko.

"Una jina, Mwinyi," akasema Bi Sikudhani kwa adabu. "Ugonjwa una jina."

Kobe akafika, maana siku hiyo alikimbia. "Mwinyi, taabu yangu ni nyumba. Ni nzito, sijawahi kuivua. Kwa kuwa sasa ni yako, naomba unibebee, nami nimo ndani."

"Magugu yana jina, Mwinyi," akasema Bi Sikudhani. "Yamejaa mpunga wako. Utaanza kupalilia upande gani?"

"Viwavi navyo vina jina!" akaitikia Nungunungu.

"Na upele!" akasema Kobe.

Na waliohama, wale wa ng'ambo ya milima, mbiu ilikuwa imewafikia. Wakaanza kuteremka kwa makundi, kila mmoja na lake. Swala na mguu uliovunjika. Nyani na wifi yake asiyenyamaza. Ngiri na kesi ya mpaka ya tangu baba yake. Wote wanaita, "Mwinyi! Mwinyi! Chukua na hili!" Na Bi Sikudhani akapenya katikati yao mpaka kwenye sikio la Kiboko, akasema neno moja zaidi, taratibu.

"Na njaa, Mwinyi. Njaa ina jina. Njaa yetu yote, ya bonde zima, kuanzia leo ni yako."

Kiboko akageuka kulia, wamejaa. Akageuka kushoto, wamejaa. Mbele, Nungunungu anamkabidhi mama. Nyuma, mto. Akarudi nyuma hatua moja, akarudi mbili, na ya tatu haikuwa hatua, ilikuwa mtumbukio. Chubwiiii! Akazama. Maji yakafunga juu yake, na kule chini, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakumsikia mtu.

Akapendezwa. Mpaka leo yuko huko. Anatoa macho, anatoa pua, anatoa vimasikio viwili, anasikiliza. Akisikia mtu anasema hata habari za asubuhi, chubwi. Korongo alingoja ukingoni aagizwe mbiu nyingine, na bado anangoja, kwa mguu mmoja, wa pili umechoka.

Bi Sikudhani akaichukua mbegu yake rundoni, akaipangusa tope, akaenda nyumbani na watoto wanne, akiwahesabu njia nzima. Wanne. Akawahesabu tena mlangoni. Wanne.

Asubuhi akawaamsha. "Amkeni, wanangu, kuna kazi shambani."

Tabu akafumbua jicho moja. "Mama, ile si kazi. Kule ni kupalilia."

"Na mimi silali," akasema Shida. "Najinyoosha."

"Na hii si asubuhi," akasema Mashaka ndani ya majani. "Hii ni alfajiri iliyochelewa."

Bi Sikudhani akawatazama hao watoto aliowaponyesha kwa ulimi wake, wamenenepa, wana afya, na wana ulimi. Furaha ilimjaa mpaka machozi yakamlenga. Akaenda jikoni, akachukua mwiko, akarudi.

"Mama!" akalia Siajabu. "Unatupiga?"

"Sikupigi, mwanangu," akasema Bi Sikudhani. "Nakupanguza usingizi."

Basi, funzo la ngano hii ni moja, na mlishike. Jina si kitu. Kitu ni kile kile, ukiite utakavyo. Kwa hiyo punguzeni maneno, fanyeni kazi, na mkubwa akisema leta, leteni upesi bila kuuliza. Na siku mtu akija hapa kwangu na mchele mkavu akaniambia, "Bibi, nimekuletea wali," nitamrudisha kwao na ungo wake kichwani.

— Imekwisha?

— Imekwisha, nimeipeta yote!

— Punje za nani?

— Zenu.

— Na makapi?

— Niachieni, nina kuku.